Nimejaribu Notion, Trello na Google Sheets kwenye karakana ya kushona: kagua mlango wa kutokea kabla hujaingia

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Leo niko Tanga, kwenye karakana ya dada yangu, na hizo kelele mnazozisikia nyuma ni vyerehani. Nimeona nisiwasimamishe mafundi kazi kwa ajili ya video. Hapa wanashona sare za shule. Wako watu 6, na ikishaingia Novemba mpaka shule zifunguliwe Januari, hapa hapakaliki.

Hiki nilichoshika ni kaunta buku. Sogeza macho uone ukurasa huu: jina la mzazi, namba ya simu, shule, kifua, kiuno, urefu wa sketi, advansi, baki, siku ya kuchukua. Kila kitu kimo. Shida ni kwamba kimo humu tu. Fundi aliyeko ndani akitaka kipimo inabidi aache cherehani aje mbele. Dada akiwa mjini kununua vitambaa hawezi kujua nani kalipa na nani bado. Halafu tazama hapa pembeni, chai ilimwagika. Hii ni 15,000 au 45,000? Hatukujua. Mzazi alisema 45,000, tukamkubalia, maana hatukuwa na cha kumwonyesha.

Ndiyo maana dada kaniomba nimchagulie programu ya kuwekea oda. Nimejaribu tatu kwa wiki 3 nzima: Notion (kurasa za kuandikia na majedwali), Trello (kadi unazozisogeza kwenye safu) na Google Sheets (jedwali la hesabu la mtandaoni). Lakini kabla sijasema ipi imeshinda, niwaambie kwa nini safari hii sikukimbilia kuangalia uzuri wa skrini.

Mwaka juzi tulijiunga na programu moja ya kutunza oda, jina lake naliacha. Ilikuwa nzuri kweli kweli, ina rangi, ina michoro ya mauzo. Siku 14 za kwanza bure. Kijana aliyekuwa anatusaidia akaifungua kwa barua pepe yake mwenyewe, tukaingiza oda zaidi ya 200. Kijana akapata kazi Dar es Salaam akaondoka, na siku za bure zikaisha. Kulipia tukashindwa kwa sababu akaunti haikuwa yetu. Tulipompata kijana kwenye simu akatutolea data, ikatoka PDF. Oda 200 kwenye PDF ni kama picha ya chakula, huwezi kuila. Dada na mimi tulikaa usiku mbili tukinakili kwa mkono kurudisha kwenye kaunta buku hili hili. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwa hiyo sasa swali langu la kwanza kwa programu yoyote ni hili: nikitaka kuondoka kesho, natokaje na vitu vyangu?

Na msidhani ni programu changa tu zinazofungwa. Wanaokumbuka Wunderlist watanielewa. Ilikuwa programu ya Wajerumani ya kupanga kazi, watu waliipenda sana. Microsoft wakainunua mwaka 2015, na Mei 2020 ikafungwa. Skype nayo, pamoja na ukongwe wake wote, ilizimwa Mei 2025. Evernote haikufungwa, ila mwishoni mwa 2023 mtumiaji wa bure alibakishiwa noti 50 na daftari moja. Wenye programu wana haki ya kubadili biashara yao. Wewe una wajibu wa kujua utafanya nini siku wakibadili.

Sasa jaribio lenyewe. Sikukaa nyumbani na laptopu. Nilichukua simu ya fundi wetu wa vifungo, ambayo ndiyo simu dhaifu kuliko zote hapa: kioo kimepasuka, storeji imejaa, na bando ananunua la siku. Nikamwambia mteja akifika, mwandike kwenye simu wakati tepu iko shingoni na mteja amesimama mbele yako. Mimi nahesabu sekunde. Hapo ndipo nilipojifunza zaidi ya video zote nilizowahi kutazama.

Kaunta buku: sekunde 40, pamoja na kutafuta kalamu. Google Sheets: dakika moja na nusu. Trello: karibu sawa na hiyo. Notion: dakika 3, na katikati mteja akauliza, "Mama, unachati?" Notion ina uwezo mkubwa, sitaki kuidharau. Unaweza kuunganisha mteja na oda zake zote na malipo yake, na kutoka nako si kugumu, inakutolea jedwali zako kama CSV, yaani jedwali la maandishi matupu linalofunguka kwenye programu nyingine, hata ukiwa wa bure. Tangu Agosti 2025 inafanya kazi hata bila mtandao, mradi ukurasa uwe umeshaushusha kwenye kifaa. Ila kwenye simu hii ilikuwa nzito, na fundi alipotea mara 3 kwenye kurasa zilizo ndani ya kurasa. Kama unafanya kazi ya kuandika au utafiti na una laptopu nzuri, itakufaa. Kwa mtu mwenye chaki mkononi, hapana.

Trello ilinishangaza. Tulitengeneza safu 4: kukata, kushona, vifungo, tayari. Kila oda ni kadi, fundi anaivuta kwa kidole kutoka safu hii kwenda ile. Mafundi waliielewa siku hiyo hiyo bila kufundishwa, kwa sababu ndivyo kitambaa kinavyotembea humu ndani, kutoka meza ile mpaka kamba ile. Nilifurahi sana. Kisha dada akauliza swali moja: "Tunadai jumla shilingi ngapi?" Kimya. Trello ya bure haikujumlishii pesa zilizoandikwa ndani ya kadi. Na nilipokwenda kwenye mlango wa kutokea, nikakuta CSV ni ya wanaolipia. Wa bure unapewa JSON, faili lililoandikwa kwa ajili ya kusomwa na kompyuta, ambayo data zako zimo, lakini mpe dada yangu faili la JSON uone kama atapata jina la mzazi mle.

Tuliyochagua ni Google Sheets. Siyo nzuri kwa macho. Ni mistari na vyumba tu, inafanana na kaunta buku, na nadhani ndiyo sababu mafundi hawakuiogopa. Inajumlisha madeni. Dada anaiona akiwa dukani. Na mlango wake wa kutokea niliupima hivi: nikabonyeza Faili, Pakua, nikachukua ya Excel, nikaihamishia kwenye laptopu ya zamani isiyo na Excel, nikazima mtandao kabisa, nikaifungua kwa LibreOffice ambayo ni ya bure. Ikafunguka, hesabu zote zipo. Hapo moyo ukatulia.

Lakini ina mitego, na hii sikuisikia kwa mtu yeyote, niliikuta mwenyewe. Wa kwanza: fundi aliandika siku ya kuchukua 3/1, akimaanisha tarehe 3 Januari. Jedwali lilikuwa limewekwa kwa mpangilio wa Marekani, likasoma tarehe 1 Machi. Hebu fikiria mzazi anakuja siku moja kabla ya shule kufunguliwa na sare yake imepangwa Machi! Ingia Faili, Mipangilio, badilisha eneo liwe Uingereza, ambako siku hutangulia mwezi kama kwetu, kabla hujaandika tarehe hata moja. Wa pili: namba za simu. Ukiandika 07 na kuendelea, sifuri ya mbele inaliwa, kwa sababu linadhani ni hesabu. Chagua safu nzima, iweke kuwa maandishi ya kawaida.

Haya si mambo madogo. Uingereza mwaka 2020, wakati wa korona, karibu wagonjwa 16,000 hawakuingia kwenye hesabu kwa wakati, kwa sababu idara ya afya ya umma ilitumia faili za Excel za muundo wa zamani ambazo mwisho wake ni mistari 65,536. Zilizozidi hazikuingia. Hakuna kengele iliyolia. Nchi nzima yenye wataalamu wake. Kwa hiyo kila chombo, jaza kwanza vitu vya uongo, vingi, uone kinavyovunjika kabla hujakipa kazi ya kweli.

Jambo la mtandao nalisema kwa mkazo kwa sisi wa pwani hii. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Tanzania tuliumia sana. Siku kadhaa mtandao ulikuwa wa kusuasua. Mwenye kazi yake yote mawinguni alikaa akitazama duara linazunguka. Sheets unaweza kuiwasha itumike bila mtandao, lakini uiwashe ukiwa na mtandao. Siku ukikatika umeshachelewa. Na wale mnaotunza oda ndani ya meseji za WhatsApp, kumbukeni tarehe 4 Oktoba 2021, ilipozimika dunia nzima kwa takriban saa 6, pamoja na Facebook na Instagram.

Bei sasa. Zote tatu tumetumia za bure, lakini nataka mpige hesabu kabla ya kulipia chochote. Programu nyingi zinatangaza bei kwa mtu mmoja kwa mwezi, kwa dola. Ukiona dola 10 unaona ndogo. Watu 6 ni dola 60. Mwaka ni dola 720. Ikiongezwa VAT ya asilimia 18 unafika karibu dola 850, na shilingi ikishuka wewe ndiye unayebeba. Linganisha na bei ya cherehani. Mimi sisemi usilipie. Chombo kinachokuokolea kazi kilipie kwa moyo mweupe, waliokitengeneza nao wanakula. Ila dada yangu kwa pesa hiyo anataka overloki ya pili, mashine ya kumalizia kingo za kitambaa, na nakubaliana naye.

Tena akaunti. Safari hii tumefungua barua pepe ya karakana, siyo yangu wala ya fundi. Namba ya kurejeshea nenosiri ni ya dada mwenyewe. Kila fundi ameingizwa kwa barua pepe yake, siku akiondoka anaondolewa kwa kubonyeza mara moja, wala hatuhitaji kumpigia simu Dar es Salaam. Na safu ya vipimo vya watoto na simu za wazazi hatuitumi kwenye makundi. Tanzania ina sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, na hata kama zisingekuwepo, kiuno cha mtoto wa mtu si habari ya kundi.

Kaunta buku tumeliacha? Hapana. Liko pale mezani, mnaliona. Mteja akifika anaandikwa kwenye kaunta buku, sekunde 40, anakwenda zake. Jioni kabla ya kufunga, fundi wa vifungo anaingiza za siku hiyo kwenye Sheets, dada anasoma kwa sauti. Zikiwa 12 zinachukua kama dakika 15. Na kila Ijumaa faili linashushwa kwenye flashi hii nyekundu, imefungwa kwenye ufunguo wa kabati la vitambaa ili isipotee.

Jedwali tupu tunalotumia nimeweka kiungo chake kwenye maelezo chini ya video. Fanya nakala, badilisha eneo kwanza, halafu lijaribuni wiki moja kwenye simu dhaifu kuliko zote hapo kwenu. Dada ananiita, mteja wa sketi 30 amefika.