Mkono Uliochoka: Tathmini ya Safari ya Siku Mbili, South Kensington na Lacock

Safari ninayoitathmini hapa haiuzwi na wakala yeyote; msafiri hujipangia mwenyewe. Siku ya kwanza ni ya Jumba la Makumbusho ya Sayansi lililoko South Kensington, London, na siku ya pili ni ya Lacock, kijiji cha Wiltshire ambamo William Henry Fox Talbot aliishi na kufanya majaribio yake ya picha. Niliifanya pamoja na mpwa wangu, binti wa dada yangu, anayesomea sayansi ya kompyuta, ilhali mimi nilikulia nyuma ya studio ya picha ya baba mdogo mjini Tanga, ambako chumba cha giza cha kusafishia picha kilitenganishwa na jiko kwa ukuta mmoja tu. Kila mmoja wetu alidhani anakwenda kumwonyesha mwenzake historia ya upande wake. Tulichokikuta ni kwamba kompyuta na picha zilianzia katika kundi moja la marafiki, na kwa sababu ileile: mkono wa binadamu ulioshindwa kazi.

Charles Babbage, mwanahisabati, na John Herschel, mwanasayansi wa nyota, walifahamiana tangu walipokuwa wanafunzi Cambridge. Mwaka 1821 waliketi London wakilinganisha majedwali ya sayansi ya nyota yaliyokuwa yamekokotolewa na watu wawili tofauti, wakawa wanakuta kosa baada ya kosa, hata Babbage akatamka kwamba laiti hesabu zile zingefanywa kwa nguvu ya mvuke. Zama hizo neno la Kiingereza lililotupatia “kompyuta” lilikuwa jina la mtu, yaani mkokotozi aliyelipwa ili ajumlishe na kutoa kutwa kucha, na majedwali aliyoyatoa ndiyo yaliyowaongoza mabaharia kwenye kina kirefu. Miaka 12 baadaye, Oktoba 1833, Talbot alikuwa na mkewe kando ya Ziwa Como nchini Italia, akijaribu kuchora mandhari kwa msaada wa kifaa chenye prizimu. Kila alipoondoa jicho kwenye kifaa, alikuta penseli imeacha mistari ya kusikitisha. Hapo ndipo alipoanza kujiuliza kama mwanga usingeweza kujichora wenyewe juu ya karatasi, bila mkono wa mtu kuingilia.

Kitu kinachostahili muda mrefu zaidi South Kensington ni Mashine ya Tofauti Namba 2, mashine ya Babbage ya kukokotoa majedwali. Ni umbo la shaba na chuma lenye urefu wa takriban mita 3.4 na kimo cha mita 2.1, uzito wake ni tani 5, na vipande vyake ni kama 8,000. Babbage aliichora kati ya mwaka 1847 na 1849, lakini hakuiona imejengwa. Mafundi wa makumbusho ndio walioijenga kwa kufuata michoro yake, na sehemu ya kukokotoa ikakamilika mwaka 1991, miaka 200 tangu azaliwe. Sehemu ya kupiga chapa ikafuata mwaka 2002. Walijizuia wasitumie usahihi wa vipimo ambao mafundi wa karne ya 19 wasingeuweza, kwa sababu swali walilotaka kulijibu lilikuwa moja: je, mashine hii ingefanya kazi wakati ule? Ilifanya kazi.

Mpwa wangu alinieleza siri yake kwa kidole, hewani, na naieleza hapa kama alivyonieleza kwa sababu bila kuielewa mgeni ataona magurudumu tu. Chukua namba za mraba: 1, 4, 9, 16, 25. Toa kila moja kutoka kwa inayoifuata, utapata 3, 5, 7, 9. Toa tena, utapata 2, 2, 2, na haitabadilika hata uende mbali kiasi gani. Maana yake ni kwamba anayetaka jedwali zima la miraba hana haja ya kuzidisha hata mara moja. Anaanza na ile 2 isiyobadilika, anaijumlisha kwenye tofauti, kisha tofauti anaijumlisha kwenye jibu, akaendelea hivyo bila kikomo. Mashine inafanya hivyohivyo kwa nguzo 8, kila nguzo ikiwa na magurudumu 31 ya tarakimu, na hivyo inaweza kushughulikia tofauti hadi daraja la 7. Kugawanya hakumo, kuzidisha hakumo. Kujumlisha peke yake kumetosha. Wanaoiita kompyuta kwa jina la “tarakilishi” wana neno ambalo limebeba tarakimu ndani yake, na sijawahi kuona kitu kinachostahili jina hilo kuliko nguzo hizi.

Mgeni asitegemee kuiona ikizungushwa kila siku. Hata ikiwa imetulia, namshauri asiridhike na kuitazama mbele, bali atafute pembe ya kuona nyuma yake, kwenye mikono iliyopangwa kwa mzunguko kama ngazi ya mnara. Hiyo ndiyo inayoshughulikia ile moja tuliyofundishwa “kubeba” shuleni tunapojumlisha 7 na 5. Moja hiyo hupandishwa ngazi kwa ngazi, na Babbage alihangaika nayo kuliko kitu kingine chochote. Vilevile aangalie sehemu ya kupiga chapa. Babbage alijua kwamba hesabu sahihi inaweza kuharibiwa na mpanga herufi kiwandani, kwa hiyo alitaka mashine yenyewe igandamize majibu kwenye plasta ambayo ingetumika kutengenezea bamba la kuchapia. Alikuwa ameazimia mkono usiguse tarakimu kuanzia mwanzo hadi kwenye karatasi.

Makumbusho hayohayo yanahifadhi pia kipande kilichounganishwa mwaka 1832 cha mashine yake ya kwanza, ambacho ni kama sehemu moja ya saba ya ile iliyokusudiwa. Mashine nzima ingehitaji vipande 25,000. Serikali ya Uingereza ilitumia zaidi ya pauni 17,000, Babbage akagombana na fundi wake Joseph Clement, kazi ikasimama mwaka 1833, na mwaka 1842 serikali ikajitoa kabisa. Nilikipenda kipande hiki kuliko nilivyotarajia, kwa sababu hiki kiliguswa na watu wa zama zile. Babbage alikiweka nyumbani kwake, mtaa wa Dorset, na wageni wake wa Jumamosi usiku walionyeshwa kikifanya kazi.

Wageni hao waliona kitu kingine pia, na hapa ndipo safari yetu iliposhikana. Talbot alikuwa akimpelekea Babbage picha zake za mwanzo, na Babbage akizionyesha katika hafla zilezile ambamo mashine ilizungushwa. Humo humo alikuwa na picha ya Joseph-Marie Jacquard, aliyevumbua kitanda cha kufumia kinachoongozwa na kadi, ambayo ukiikaribia unagundua kwamba haikuchorwa wala kuchongwa: ni hariri iliyofumwa mwaka 1839 kwa kuongozwa na kadi zipatazo 24,000 zenye matundu. Panapokuwa na tundu sindano inapita na uzi unainuliwa, pasipokuwa na tundu hauinuliwi, na kutokana na majibu hayo mawili tu unapata sura ya mzee aliyeketi kitini. Babbage alizichukua kadi za namna hiyo kwa ajili ya Mashine ya Uchanganuzi, yaani mashine ya kufuata maagizo ya hesabu yoyote, aliyoanza kuibuni mwaka 1834, na ambayo mwanahisabati Ada Lovelace aliifafanua mwaka 1843 katika maelezo yenye utaratibu wa kukokotoa namba za Bernoulli, mfuatano maalumu wa namba katika hisabati. Picha za Ada mwenyewe zilizopigwa na Antoine Claudet kwa njia ya Mfaransa Louis Daguerre, ya kunasa picha kwenye bamba la fedha, mpiga picha wa London, ni za karibu na mwaka huohuo. Niliposimama nikiyafikiri hayo, mpwa wangu alisema, “Mjomba, kumbe picha ya hariri ndiyo inayofanana na za simu yangu, zinazojengwa kwa ndiyo na hapana, si ile ya kwenu studio.” Nilitaka kumpinga nikakosa hoja.

Siku ya pili tulipanda treni kutoka stesheni ya Paddington kwenda Chippenham, safari ya saa moja na zaidi kidogo, na ninawasihi wasafiri wasiilale. Reli hiyo inapita Slough, ambako Herschel aliishi. Nyumba yake haipo tena, lakini ni hapo Talbot alipokwenda tarehe 1 Februari 1839, wiki chache baada ya Paris kutangaza uvumbuzi wa Daguerre, akiwa na tatizo ambalo kila mtu wa chumba cha giza analijua: picha zake ziliendelea kuwa nyeusi zikiwekwa mwangani. Talbot alikuwa akizituliza kwa chumvi ya kawaida. Herschel, aliyekuwa amegundua tangu mwaka 1819 kwamba sodiamu thaiosalfeti huyeyusha chumvi za fedha, alimwonyesha kwamba dawa hiyo huondoa fedha yote ambayo mwanga haukuigusa na kuiacha picha peke yake. Tanga tulisema “kusafisha picha”, na nilidhani miaka yote kwamba ni msemo wa mtaani tu. Kumbe umeeleza kemia ya jambo hili vizuri kuliko vitabu nilivyosoma. Baba mdogo aliiita dawa hiyo fiksa, aliiweka kwenye beseni la tatu, na alitukataza kabisa kuharakisha. Herschel ndiye pia aliyeeneza neno la Kiingereza la fani hii mwaka 1839, na mwaka uliofuata akatupatia majina ya negativu, yaani picha ambayo mwanga na giza vimebadilishana nafasi, na positivu, picha ya kawaida inayotolewa kutoka kwayo.

Baada ya Slough huja Reading. Kati ya mwaka 1844 na 1846 msaidizi wa Talbot, Nicolaas Henneman, aliendesha hapo karakana iliyotoa picha kwa wingi kutoka kwenye negativu, zikianikwa nje juani kwenye fremu zake. Nyingi zilififia baadaye kwa sababu hazikuoshwa vya kutosha. Nilipomweleza mpwa wangu hilo treni ilikuwa imesimama Reading, na nilikumbuka jinsi baba mdogo alivyokuwa akiziacha picha za harusi chini ya bomba hadi usiku, huku wenye harusi wakilalamika mlangoni.

Kutoka Chippenham kuna basi la kwenda Lacock. Jumba la Lacock, lililokuwa nyumba ya Talbot, lilijengwa kama makazi ya watawa wa kike katika karne ya 13, na tangu mwaka 1944, Matilda, mjukuu wa Talbot, alipolitoa, liko chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, pamoja na sehemu kubwa ya kijiji. Makumbusho ya Fox Talbot yamo katika ghala la kale karibu na lango. Ni madogo, na hilo ni sifa yake. Baada ya ukubwa wa South Kensington, ambako mtoto anaweza kukuvuta kuelekea roketi kabla hujamaliza kusoma bango, hapa mtu anapata nafasi ya kufuata wazo moja kuanzia mwanzo hadi mwisho: karatasi iliyolowekwa kwenye chumvi, ikapakwa naitreti ya fedha, ikawekwa ndani ya kisanduku cha mbao chenye lenzi, ikasubiriwa. Visanduku hivyo vilikuwa vidogo hata mkewe Constance akaviita mitego ya panya. Ghala hili linafaa zaidi kwa mtu aliyewahi kushika negativu mkononi; mtoto wa chini ya miaka 10 atachoka mapema, na mzazi ampeleke uwanjani.

Kisha kuna dirisha. Katika ukumbi wa kusini wa jumba liko dirisha dogo lililotokeza nje, lenye vioo vya umbo la almasi, ambalo Talbot alilipiga picha Agosti 1835. Negativu yake, ambayo ndiyo ya zamani zaidi kati ya zilizosalia duniani, ina upana wa stempu ya posta. Yenyewe haipo Lacock. Imo katika mkusanyiko wa makumbusho ya taifa, na karatasi ya umri huo haiwezi kuachwa mwangani ili kila mpita njia aitazame. Aliyekwenda kwa ajili ya karatasi hiyo tu atasononeka. Mimi nasema dirisha linatosha, na pengine linazidi, kwa sababu ni nadra sana kusimama mbele ya kitu chenyewe kilichopigwa picha, mahali palepale lenzi ilipowekwa, ukaona kwamba mwanga bado unaingia kwa njia ileile.

Kwa gharama, kuingia Makumbusho ya Sayansi ni bure, ingawa ni busara kukata tiketi mtandaoni kabla ya siku yenyewe, na Lacock kuna kiingilio ambacho wanachama wa National Trust hawalipi. Majira ya baridi ratiba ya jumba hubadilika, hivyo mtu aiangalie kabla ya kununua tiketi ya treni. Nashauri pia mpangilio usigeuzwe. Anayeanza Lacock atafurahia picha na kuiona mashine baadaye kama kitu cha watu wengine, lakini aliyetoka kuona nguzo za tarakimu atafika dirishani akiwa tayari na swali kichwani.

Talbot aliandika kando ya negativu ile kwamba ilipokuwa mpya, vioo vya dirisha, vinavyokaribia 200, viliweza kuhesabika kwa msaada wa lenzi. Mpwa wangu aliposikia hayo aliiweka simu mfukoni, akasogea dirishani, akaanza kuhesabu kutoka kona ya chini kushoto, safu kwa safu, akigusa hewa kwa kidole. Alipotea mara mbili akarudia. Mara ya tatu mlinzi wa ukumbi, mama mmoja mtu mzima, alikuja akasimama karibu naye na kuanza kuhesabu naye kwa sauti ya chini, nami nikakaa kwenye benchi nikawasubiri.