TAHADHARI: Anayeuza mashine za maji za kusafishia meno. Mwanga na Ujiji hapa Kigoma tayari, sasa anakwenda Tabora

Jamani, nimepigwa. Laki moja na arobaini na tano elfu, mbele ya kikundi kizima, na nilimshukuru nikampa na soda. Siku nne sijalala vizuri kwa hasira. Nimesema niandike, aibu ibaki kwangu lakini wengine mpone.

Binti yangu amefungwa waya wa kunyoosha meno. Niseme tu kwamba daktari aliyemfunga kule Dar alitutajia mashine hii kwa mdomo wake. Alisema inarusha maji kwa kasi katikati ya meno, na mtu mwenye waya inamsaidia kutoa chakula kilikonasa, mahali mswaki haufiki. Kwa hiyo niliposikia kuna kijana anaziuza hapahapa Kigoma, sikuona kama jambo la ajabu. Tena aliletwa na mwenzetu wa kikoba, mama wa heshima, na yeye mwenyewe kapigwa. Msimseme vibaya.

Jumamosi alikuja Mwanga tulikokutana. Shati jeupe limepigwa pasi, begi zuri, "Shikamooni mama zangu," anainama mpaka chini. Akaomba kitana na kipande cha ugali wa muhogo. Akaupaka ule ugali kwenye meno ya kitana, akaushindilia kwa kidole, akawasha mashine. Tsss! Ugali wote ukaruka kwenye besheni, kitana kikabaki cheupe. Tukapiga makofi. Mimi nilipiga makofi.

Kisha akauliza: nani akipiga mswaki anatoka damu? Nikanyoosha mkono. Fizi zangu zinavuja tangu mwaka jana na nilikuwa nalifanya siri, lakini pale niliona nimepata daktari. Akaniinamisha kwenye besheni, akanipitisha ncha ya ile mashine kwenye fizi za chini, maji yakatoka mekundu. Akalinyanyua besheni akalizungusha kwa kila mtu. "Mnaona mama zangu? Huu ndio uchafu unaoleta harufu. Huyu mama akikaa miezi sita bila mashine, haya ya mbele yatang'oka." Nilitamani ardhi ipasuke. Pale pale nikatoa simu nikalipa, maana nilitaka akae kimya, na nilitaka nipone. Hiyo ndiyo kweli.

Akanipa boksi limefungwa kwa nailoni, na kichupa cha "dawa" ya matone ya kutia kwenye tangi la maji. Akasema nisifungue mpaka kesho yake asubuhi, mashine ikipata hewa kabla ya muda betri inakufa. Nikalifunika boksi kwa khanga kama mtoto.

Asubuhi nikafungua. Umbo ni lilelile, rangi ileile. Nikachaji kutwa, nikawasha, ikanguruma kidogo, maji yakachuruzika kidevuni hata jani lisingesogea. Siku ya pili ikazima moja kwa moja. Fundi simu alipoibandua, ndani mlikuwa na betri ya kuchezea watoto na kipande cha chuma kimegandishwa kwa gundi ili iwe nzito mkononi. Ile aliyotuonyesha ilikuwa nzima. Tulizonunua ni makopo. Mbuzi kwenye gunia, wanawake tisa.

Na ile dawa! Nilitumia mara tatu, fizi zikawaka moto mpaka chai ikanishinda. Namshukuru Mungu sikumpa binti.

Nikaenda kwa daktari wa meno kwa aibu zangu. Hakunicheka. Alisema damu inatoka kwa sababu ukoga umekaa kwenye ukingo wa fizi, na ule uliokwisha kuwa mgumu hauondoki kwa maji hata yaje kwa kasi gani, lazima ukwanguliwe na daktari. Mashine nzuri ipo na inasaidia, kwa wenye waya, wenye meno ya daraja, wenye fizi zinazovimba, lakini mswaki uko palepale. Maji ya kawaida ya vuguvugu yanatosha. Unaanza na nguvu ndogo kabisa, unainama kwenye sinki, midomo umeifumba kidogo maji yatoke yenyewe. Jino linalotikisika halikazwi na mashine yoyote. Mpwa wangu akanisomea kwamba zilianza Marekani mwaka 1962, kazi ya daktari wa meno mmoja na mhandisi wa Fort Collins, Colorado. Yule mwongo alituambia zimegunduliwa Japani juzi tu.

Mtamjuaje? Hatoi risiti, anasema mashine ya risiti imeharibika. Jina linalotokea kwenye muamala silo analojiita. Anakataza kufungua boksi mbele yake. Kichupa hakina hata karatasi. Anawaambia watu wasipige mswaki tena. Haya yote niliyaona Jumamosi ileile na nikayapita, kwa sababu besheni la damu yangu lilikuwa mbele ya macho yangu.

Huyu afungwe. Sitaki aniombe radhi, nataka afungwe, na arudishe hela ya kila mama. Kuna bibi Ujiji ameuza mbuzi wake ili anunue, jamani, mbuzi! Mtu anayechukua ugonjwa wako akautangaza hadharani ili akuibie ni mbaya kuliko anayevunja mlango usiku. RB nimeshachukua polisi, na namba yake nimeituma 15040, kule wanakopokea taarifa za matapeli wa simu. Wenzangu mliopigwa fanyeni hivyohivyo leo, msione haya, tukiwa tisa tutasikilizwa kuliko nikiwa peke yangu.

Alipanda treni juzi. Ndugu zangu wa Uvinza, Kaliua, Urambo na Tabora mjini, akija kwenye vikundi vyenu mwambieni afungue boksi hapohapo na aiwashe ileile anayokuuzia. Akikataa, mzuieni kwa maneno, itisheni mwenyekiti wa mtaa na polisi, kisha nipigieni. Kopo ninalo, muamala ninao, nauli ya kuja kutoa ushahidi nitaitafuta.