TAHADHARI: Themu za WordPress "zilizofunguliwa" zinaangusha seva na kukwamisha kihariri

Wakuu, kuna wauzaji kwenye magrupu ya WhatsApp na Telegram wanaouza themu (sura ya tovuti) na plagini (programu za nyongeza) za kulipia za WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, kwa bei ya kutupa, wakisema "imefunguliwa, haihitaji leseni". Msinunue. Na kama umeshanunua, usimtumie hela nyingine kabla hujasoma hapa.

Kunakili kwenyewe si tatizo, maana WordPress na plagini nyingi ziko chini ya GPL, leseni inayoruhusu kunakili. Shida ni kwamba ili kuondoa ukaguzi wa leseni lazima mtu aguse msimbo, na wengi wakishaugusa wanapandikiza vya kwao.

Dalili ni hizi: tovuti inatoa ukurasa mweupe au Error 500. Kwenye kihariri ukibonyeza Update unaambiwa "The response is not a valid JSON response". Kihariri cha bloku huhifadhi makala kupitia anwani ya /wp-json/ na kinasubiri jibu safi la JSON, muundo wa data unaosomwa na programu. Themu ikichapisha onyo moja tu la PHP, lugha ambayo WordPress imeandikwa, au faili lake likiwa na mstari mtupu kabla ya <?php, JSON inachafuka na kihariri kinagoma.

Hapo muuzaji atakwambia hosting yako ni mbovu, shusha PHP iwe 7.4, halafu adai hela ya "marekebisho". Huo ndio mtego wenyewe. PHP 7.4 iliacha kupewa viraka vya usalama Novemba 2022, kwa hiyo ukishusha unajifungulia mlango wa pili.

Usibishane naye, soma logi, yaani faili la kumbukumbu za makosa. Ndani ya wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, juu ya mstari wa "stop editing", weka WP_DEBUG na WP_DEBUG_LOG ziwe true, WP_DEBUG_DISPLAY iwe false. Fungua tena ukurasa unaoanguka, kisha soma wp-content/debug.log. Utakuta kitu kama hiki:

PHP Fatal error: Uncaught Error: Call to undefined function create_function() in .../themes/jina/functions.php:214

Faili limetajwa, mstari umetajwa. create_function iliondolewa kwenye PHP 8, maana yake umeuziwa toleo la kale, na bila leseni halitasasishwa. Ukiona "Allowed memory size of 268435456 bytes exhausted", hiyo ni MB 256 za kumbukumbu (memory) zimekwisha. Usikimbilie kuongeza kabla hujajua nani amezila. Ukimaliza, rudisha WP_DEBUG iwe false na ufute debug.log, kwa kuwa kwenye hosting nyingi mtu yeyote anaweza kuifungua kwa kivinjari.

Kama wp-admin (ukurasa wa usimamizi) haifunguki, ingia File Manager ya cPanel, paneli ya kusimamia hosting, badili jina la folda ya themu hiyo, ukihakikisha kuna themu ya kawaida ya WordPress pembeni ya kushika nafasi. Kwa plagini ni hivyo hivyo, moja baada ya nyingine.

Sasa lililo zito. Tafuta eval, base64_decode na gzinflate, amri za PHP zinazotumika kuficha msimbo na kuuendesha, ndani ya functions.php ya themu. Neno moja peke yake halithibitishi kitu, lakini yakikaa pamoja na mkufu mrefu wa herufi zisizosomeka, shtuka. Angalia pia wp-includes kama kuna wp-vcd.php au wp-tmp.php. WordPress haina mafaili hayo. Hicho ni kirusi cha WP-VCD, kinachosambazwa hasa kwa themu za namna hii, na kinaambukiza themu nyingine pamoja na tovuti zote zilizo kwenye akaunti hiyo hiyo ya hosting.

Ukikikuta, kufuta themu pekee hakutoshi. Rudisha bakapu ya kabla ya kuisakinisha, tena kwa tovuti zote za akaunti hiyo. Kama huna bakapu, weka upya mafaili ya WordPress, themu na plagini kutoka kwenye chanzo chake rasmi, kisha endesha amri ya WP-CLI wp core verify-checksums, inayokagua kama mafaili ya WordPress yenyewe yamebadilishwa. Futa maadmini usiowajua, badili nenosiri la cPanel, la hifadhidata na la kila admin, na uweke funguo mpya za siri kwenye wp-config.php ili waliokwisha kuingia watolewe wote.