Igizo au kipeperushi: kipi kinafikisha ujumbe wa saratani?

Kipeperushi hakisahau. Kikieleza lengo la Shirika la Afya Duniani, kwamba ifikapo 2030 asilimia 70 ya wanawake wawe wamepimwa saratani ya shingo ya kizazi wakifikia miaka 35 na tena 45, tarakimu hazibadiliki mdomoni mwa mtu. Ni rahisi kukichapisha, na rahisi vilevile kukitupa.

Igizo ni habari nyingine. Mama anagusa uvimbe kwenye titi, mume anaingia, na mama anafunga vifungo haraka. Kimya. Halafu sauti ya mtazamaji kutoka nyuma: "Mwambie!" Kwa mbinu ya Augusto Boal, mwongozaji wa maigizo kutoka Brazili, aliyepaza sauti hupanda jukwaani, akashika nafasi ya mama na kujaribu kusema mwenyewe. Aibu inafanyiwa mazoezi hadharani. Karatasi haiwezi hilo.

Ila mwigizaji akiteleza neno moja, uvumi umezaliwa. Na ile tabia ya kumuua mgonjwa mwishoni ili watu walie, siipendi kabisa: wanaondoka wakiamini kupimwa hakuna maana.

Mimi ningeanza na igizo, muuguzi ajibu maswali palepale, vipeperushi vigawiwe mlangoni watu wakitoka.