Poda ya jiberelini kwa mbegu zinazogoma kuota: inunue, ila ijue mbegu yako kwanza

Habari zenu watazamaji, karibuni. Leo mezani nina hiki kijipakiti: poda nyeupe, asidi ya jiberelini, yaani homoni ya mimea, ile inayoandikwa GA3. Inauzwa kwa sisi tunaootesha mimea ya kudumu na mbegu zilizookotwa porini. Nyuma ya pakiti muuzaji ameandika kwamba inaotesha mbegu yoyote ile. Hilo si kweli, na nitawaonyesha kwa nini. Lakini poda yenyewe naipenda, tena sana.

Tuanze na mbegu. Mbegu za mboga zimechaguliwa na wakulima kizazi baada ya kizazi ili ziote kwa pamoja. Mbegu ya pori haina haraka hiyo. Zikiota zote kwa mpigo kisha ukame ukaingia, ukoo mzima umekwisha. Kwa hiyo kila mbegu hujifunga, na kufuli zenyewe si za aina moja.

Poda hii inafungua kufuli la homoni. Ndani ya mbegu kuna asidi ya absisiki inayozuia kuota na jiberelini inayochochea kuota, na zinavutana. Kwa mimea ya nchi za baridi, mfano jentiana na primula, miezi ya baridi na unyevu ndiyo inayoipa jiberelini ushindi. Ndiyo maana watu huweka mbegu kwenye friji, ndani ya vemikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika maji) yenye unyevu, nyuzi joto 4 hivi, kwa wiki 4 hadi 12. Zingatia neno unyevu: mbegu kavu ukiiweka kwenye friji unaihifadhi tu. Poda inapeleka jiberelini moja kwa moja, na kwa mbegu nyingi za kundi hili huhitaji tena kusubiri friji.

Sasa sogeeni karibu mwone kuchanganya, maana hapa ndipo wengi hupoteza hela. Glasi hii nimemwaga poda kwenye maji matupu. Inaelea, nyingine imenata ukingoni. Hii ya pili nimeilowesha kwanza kwa matone machache ya spiriti. Tazama, imeyeyuka yote, haionekani. Ndipo naongeza maji. Miligramu 50 kwa mililita 50 za maji inakupa sehemu 1000 kwa milioni, ambacho ni kipimo kikali. Mimi nawashauri muanze na nusu yake. Loweka saa 24, suuza, panda. Mizani ya jikoni haisomi miligramu, kwa hiyo tafuta mizani ndogo ya vito. Na vaa glavu.

Kwa nini nasisitiza kipimo? Angalieni trei hizi mbili. Ya kushoto miche mifupi, shina limekaza. Ya kulia imepewa dozi kali: shina refu, jembamba, limepauka, limelalia ukingo. Jambo hili ndilo lililoleta ugunduzi wenyewe. Mwaka 1926 mwanasayansi Mjapani, Eiichi Kurosawa, alionyesha kwamba miche ya mpunga iliyokuwa ikirefuka ovyo na kuanguka ilikuwa ikiathiriwa na kemikali inayotolewa na kuvu, Gibberella, na jina jiberelini limetoka kwa kuvu huyo.

Poda inaposhindwa sasa. Lupini na jamii nyingi za kunde zina ganda lisilopitisha maji. Ukiliacha hivyo, hata dawa haiingii. Hapo chukua msasa. Naisugua mbegu upande ulio mbali na kovu lake (pale iliposhikana na ganda la tunda), taratibu, mpaka rangi ya ganda itoke na doa jeupe lionekane, kisha naacha. Zilale kwenye maji usiku kucha. Asubuhi zilizovimba panda, ambazo hazijavimba rudia msasa. Msasa bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na pakiti hii, na kwa lupini ndio wenye kazi.

Kuna mimea ya fainbosi, yaani vichaka vya Afrika Kusini, inayosubiri moshi wa moto wa nyika; mwaka 2004 wanasayansi waliitambua kemikali ya moshi inayoziamsha, karikini. Peoni, ua la bustani, nayo hutoa mzizi kwanza kwenye joto, halafu chipukizi husubiri baridi, kwa hiyo usikitupe chungu kwa sababu hujaona jani.

Na kabla ya kufungua pakiti, kata mbegu moja katikati. Ikiwa nyeupe na imejaa, endelea. Ikiwa ya kahawia au tupu, usiiharibie poda. Dai mbegu mpya kwa aliyekuuzia, na umuulize zilivunwa lini.

Kwa hiyo: una jentiana, primula na jamaa zake, nunua pakiti ndogo kabisa. Una mbegu za ganda gumu peke yake, iache dukani. Poda kavu inakaa muda mrefu sehemu baridi yenye giza, lakini ukishaichanganya nguvu yake hupungua, kwa hiyo tengeneza ya kutosha kazi ya siku hiyo. Inayobaki iandike jina na tarehe, iweke kwenye friji mbali na chakula na mikono ya watoto.