Programu za kutafuta mahali pa anwani ya IP: uliza duara kabla ya kuuliza bei

Mteja wangu wa Wete alinipigia simu kwa hasira. "Bibie, mimi nipo Pemba, mbona duka lako lanitoza nauli ya mzigo wa Dar?" Alikuwa ameagiza mabaibui mawili kwenye tovuti yangu. Programu niliyonunua kwa laki na themanini kwa mwaka, ya kusoma anwani ya IP (namba ambayo kifaa hutumia mtandaoni) na kujua mteja alipo, ilimweka Dar es Salaam ikamtoza bei ya huko. Nikafungua oda zote za Pemba. Hakuna hata moja iliyosomeka Pemba.

Kasi ya programu na urahisi wa kuiunganisha sitavizungumzia. Hivyo kila muuzaji atakuimbia. Nataka uulize kitu kimoja: programu ikikutajia mji, inakwambia pia inaweza kukosea kwa kilomita ngapi, yaani duara ambamo mteja anaweza kuwa lina ukubwa gani?

Sisi wa visiwani ndio tunaoumia hapa. Kampuni za simu huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja, na mara nyingi anwani hiyo hutokea kwenye mitambo ya Dar. Basi mtu wa Chake, Pemba, na mtu wa Kariakoo, Dar, huonekana jirani. Chora duara la kilomita 200 kuanzia Dar: limo Unguja yote, limo Chake, limo Tanga na Morogoro. Programu inayoandika "Dar es Salaam" bila duara hilo inakuficha jambo, na kwangu mimi huo ni udanganyifu.

Ndiyo maana katika programu ninazozipendekeza ya kwanza ni MaxMind ya Marekani, wala sifichi kwamba naipenda. Majibu yake ya ngazi ya mji huja na nusukipenyo cha duara kwa kilomita, na wameandika wazi maana yake: wana uhakika wa asilimia 67 kwamba kifaa kimo humo. Hata GeoLite, toleo lao la bure, lina namba hiyo, ila tangu mwisho wa 2019 lazima ufungue akaunti. Wapo watakaonikumbusha kisa chao cha Kansas, jimbo la Marekani. Ni kweli. Mwaka 2016 ilifichuka kwamba anwani zaidi ya milioni 600, ambazo kilichojulikana ni kuwa zipo Marekani tu, zilipachikwa kwenye nukta moja karibu na katikati ya nchi ile, na nukta hiyo iliangukia kwenye shamba la watu huko Kansas. Wenye shamba walibishiwa hodi miaka mingi na polisi na watu waliotapeliwa mtandaoni. Baadaye kampuni iliihamishia nukta hiyo kwenye maji. Mimi nalisoma tukio lile kama ushahidi wa hoja yangu: watu waliitazama nukta wakaliacha duara.

Ya pili ni IPinfo. Nguvu yake ni kukwambia mtandao ni wa nani. Ukiona anwani ni ya kampuni ya simu, ujue jina la mji usiliamini sana. Ukiona ni ya kituo cha seva, huenda mteja anatumia VPN, huduma inayoficha anwani yake halisi.

IP2Location ya Malaysia naiweka ya tatu. Inauza hifadhidata kwa madaraja: DB1 ni nchi peke yake, na kila daraja lenye taarifa zaidi lina bei yake. Kabla hujalipia mikoa, angalia kama Pemba inatoka kwa misimbo ya kimataifa ya mikoa yake, TZ-06 ya kaskazini na TZ-10 ya kusini. Jibu la "Zanzibar" tupu halimsaidii mtu anayepakia mzigo kwenye boti.

Huduma ya bure ya ip-api inafaa kujifunzia: maombi 45 kwa dakika, haina usimbaji (taarifa hupita bila kufichwa), na hairuhusiwi kwa biashara.

Na hapo ndipo panaponiuma. Aliyeniuzia alikaa nami dukani kwake akaniapia kwamba programu inaonesha "mpaka mlango wa nyumba". Hakuna anwani ya IP inayoonesha mlango wa nyumba. Nilipoifungua ndani nikakuta inachota majibu ya huduma ya bure, ile ile iliyokatazwa kwa biashara, imebandikwa nembo mpya na bei ya shilingi. Na dada zangu wangapi wameuziwa hiyo hiyo kwa ahadi ya kumkamata mwizi wa simu?

Siku hizi tovuti yangu humuuliza mteja mwenyewe: Unguja, Pemba au Bara. Anwani ya IP naitumia kupendekeza tu, na duara likizidi kilomita 50 sipendekezi chochote. Yule wa Wete nimemrudishia nauli iliyozidi. Laki na themanini yangu bado ninaidai.