Safari ya Masomo Kisiwani Chumbe: Tathmini ya Mwalimu Aliyekwenda na Wanafunzi Wake

Nimefundisha baiolojia katika skuli ya sekondari hapa Unguja kwa miaka mingi, na muda wote huo matumbawe nimekuwa nikiyachora ubaoni kwa chaki bila ya kuwahi kuyaona yakiwa hai. Kwa wengi wetu tumbawe ni jiwe tu: ndilo lililojengea nyumba za Mji Mkongwe, na ndilo linalochomwa katika tanuu likawa chokaa. Kwa hiyo safari ya siku moja niliyokwenda na wanafunzi wangu katika kisiwa cha Chumbe ninaitathmini kama mwalimu na kama mwanafunzi pia, kwani siku ile nami nilifundishwa.

Chumbe ni kisiwa chenye hekta zipatazo 22, kilomita kama 12 kusini-magharibi ya Mji Mkongwe, na mnara wake wa taa ulijengwa mwaka 1904. Mwamba wa upande wa magharibi ulitangazwa na Serikali ya Zanzibar kuwa hifadhi mwaka 1994. Uvuvi ukapigwa marufuku hapo, na usimamizi ukakabidhiwa kampuni binafsi ya Chumbe Island Coral Park. Wageni wanaolala kisiwani hulipa bei ambayo mwalimu wa kawaida hawezi kuimudu, na mapato hayo ndiyo yanayosaidia kugharimia masomo ya wanafunzi wa Zanzibar. Kwangu mimi mpango huo ni wa haki, maana anayefurahia bahari yetu anachangia kumsomesha mtoto aliyezaliwa kando yake.

Ubora wa somo lenyewe unatokana zaidi na wanaolifundisha. Walinzi wa hifadhi ndio walimu, na tangu mwanzo kampuni iliwachukua wavuvi wa vijiji vya jirani na kuwafunza kazi hiyo, ndiyo maana maelezo yao yamejaa dema, yaani mitego ya samaki ya kusukwa, bamvua, yaani maji makubwa ya bahari, na majina ya samaki tunayoyajua sokoni. Mwanafunzi wangu mmoja wa kike, aliyekulia hatua chache kutoka pwani lakini hajawahi kuutia uso wake baharini, alivaa miwani ya kuzamia, akashikilia boya kwa mikono miwili, na mlinzi akawa anamvuta polepole juu ya mwamba. Alipoinua kichwa, maji yakimchuruzika kidevuni, alisema, “Mwalimu, nimewasikia wanatafuna!” Mlinzi alimweleza kwamba wale ni pono, ambao kwa meno yao hukwangua mwani unaoota juu ya matumbawe, wakameza na chembe za mwamba, kisha wakazitoa zikiwa mchanga mweupe, na kwamba pono wakivuliwa wote, mwani huyafunika matumbawe na kuyanyima nafasi ya kukua. Pono tunamnunua soko la Darajani kila siku. Sijawahi kutoa mfano ulioeleweka darasani kwa kasi kama ile.

Watu wazima tuliokuwapo tulinaswa zaidi na majengo. Kisiwa hakina kisima cha maji baridi, hivyo mapaa makubwa ya makuti yametengenezwa kukinga mvua na kuyapeleka maji katika matangi yaliyo chini ya sakafu, na vyoo havitumii maji ya kuvuta bali kinyesi hufunikwa kwa majani makavu mpaka kikageuka mboji. Mwalimu mwenzangu, mtu mzima anayejenga nyumba yake shamba, aliuliza maswali mengi kuliko wanafunzi wote: mteremko wa paa, ukubwa wa tangi, sababu ya choo kutotoa harufu. Elimu ya mazingira kwa watu wazima mara nyingi hutolewa kwa hotuba ukumbini, na mtu hurudi nyumbani na kalamu na fulana. Hapa mtu mzima alikuwa akipima kwa macho kitu anachoweza kukijenga mwenyewe.

Kasoro kubwa ilikuwa upande wetu. Hatukuwatayarisha wanafunzi, wengi hawakujua kuogelea, na muda wa thamani ulipotea wakijifunza kupumua kwa mrija, jambo ambalo tungeweza kulifanyia mazoezi wiki moja kabla katika maji ya kina kifupi. Tuliporudi, mitihani ilitukabili na madaftari yao ya Chumbe yakabaki mikobani. Skuli inayokusudia kwenda itenge vipindi viwili vya kabla na viwili vya baada, na iangalie mwezi kabla ya kuchagua tarehe, kwa sababu kujaa na kupwa kwa maji ndiko kunakoamua saa ya kuingia majini na saa ya kutembea msituni.

Kwa safari ijayo nimemwomba mwalimu mkuu nafasi nne za boti zitengwe kwa ajili ya wazazi, na wawili waliokwisha kukubali ni wavuvi wa dema.